Pampu za maziwa ya mama: piga hesabu ya seti kabla ya mashine

WAFANYABIASHARA wa vifaa tiba wa Mbeya na Iringa wanaopokea orodha za bei kutoka Kariakoo au Guangzhou watakuwa wamekutana na pampu za umeme za kukamulia maziwa ya mama zilizoandikwa kuwa ni za "daraja la hospitali". Bei zake hupishana mno. Zipo zinazouzwa chini ya dola 100 za Marekani na zipo zinazopita dola 1,000, na zote zinajitangaza kwa maneno hayohayo. Mwenye mtaji mdogo akivutwa na ile ya bei ya chini anaweza kubaki na mzigo ambao hakuna wodi itakayougusa.

Maneno hayo hayana nguvu ya kisheria. Huko Marekani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, FDA, imeeleza kwamba haiyatambui, kwa hiyo kila kiwanda huyatumia kinavyoona. Swali la kumwuliza muuzaji ni moja: je, mashine hii imetengenezwa kutumiwa na mama zaidi ya mmoja? Pampu ya aina hiyo huwa na kizuizi kati ya maziwa na mota, ili maziwa ya mama mmoja yasiingie ndani na kumsubiri mwingine. Mota ni ya wote. Faneli ya titi, vali, mrija na chupa ni vya mama mmoja, au hutakaswa kwa mvuke wa hospitali kabla ya kupewa mwenzake.

Katika kanda hii jambo hilo lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2022-23 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima yakizidi asilimia 11 mkoani Iringa na asilimia 9 mkoani Mbeya, na virusi huweza kupita katika maziwa. Muuguzi anayejua kazi yake atauliza habari za kizuizi kabla ya kuuliza bei.

Mnunuzi mwenyewe ni nani? Mkoa wa Mbeya ulihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 2.3 katika sensa ya 2022, na Iringa milioni 1.2, lakini soko la mashine kubwa ni wodi chache tu za watoto wachanga: Meta, iliyo chini ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, na hospitali za mashirika ya dini kama Tosamaganga na Ilula. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34 hivi mara nyingi hawezi bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Hulishwa kwa mpira mwembamba au kikombe, na mama yake hutakiwa kukamua mara nane au zaidi kwa siku, usiku ukiwamo, pengine kwa wiki kadhaa. Mashine inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja humpunguzia muda. Mswidi Einar Egnell alitoa pampu yake ya hospitali mwaka 1956, na Medela ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1961, imekulia katika biashara hiyo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa karatasini: mashine imefika Mbeya kwa Sh. milioni 5, na seti ya mama mmoja ni Sh. 60,000. Wodi ikipokea kina mama 30 kwa mwezi, seti pekee ni Sh. 1,800,000. Katika miezi mitatu zimefika Sh. 5,400,000, yaani zimeipita mashine. Nani atalipa? Sera ya Taifa ya Afya ya 2007 iliweka huduma za wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano kuwa bila malipo katika vituo vya serikali, kwa hiyo seti hizo haziwezi kutegemea mfuko wa mama. Asiyeweza kuleta seti na vali kila mwezi asiuze mashine. Vali ya mpira ikichanika mvuto hupotea, wodi hudhani mota imekufa, na mashine nzima huwekwa stoo.

Mshindani mkubwa zaidi hauzwi dukani, nao ni mkono wa mama mwenyewe. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2016 yalionyesha kuwa njia za gharama ndogo, ukiwamo ukamuaji wa mkono, zinaweza kufanya vizuri sawa na pampu kubwa za umeme, au hata kuzipita kwa baadhi ya vipimo. Dang'a ya siku za mwanzo ni kidogo na nzito, na mkono huipata vizuri. Umeme ukikatika, mkono haukatiki. Muuzaji anayeiambia hospitali kwamba bila mashine hakuna maziwa anajiharibia jina.

Kwa anayeamua kuingia, TMDA ndiyo inayosajili vifaa tiba na kutoa vibali vya kuviingiza nchini. Bohari ya Dawa ina kanda Mbeya na Iringa, na tangu 2023 zabuni za serikali zimehamia mfumo wa NeST, hivyo ni lazima kujisajili humo. Aidha, chupa na chuchu za bandia zinazofungashwa na pampu zimo katika kanuni za kimataifa za 1981 zinazokataza kuvitangaza, na Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Pampu yenyewe haimo. Bango la dukani lioneshe pampu peke yake.

Pampu ndogo za mtu mmoja ni soko jingine, la walimu na wafanyakazi wa benki ambao sheria ya kazi ya 2004 huwapa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Hizo zinafaa kuanzia dukani, kwa katoni moja.