Makabaila wa Ulaya, Tanzia na Mkuki wa Otenyo

Ukabaila wa Ulaya ulisimama juu ya ardhi. Katika karne za kati mfalme alimpa mkuu wa vita eneo pamoja na watu waliolilima, naye akaapa kuleta askari vita vikizuka. Vizazi vilipopita kiapo kilififia na ardhi ikabaki. Cheo kikawa cha kurithiwa, na pamoja nacho zikarithiwa haki ambazo mtu wa kawaida hakuziota: kuhukumu wapangaji wake, kuwinda kwenye mashamba yao, na huko Ufaransa, kutolipa taille, kodi iliyomwelemea mkulima. Haki hizo zilifutwa usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, na mwaka uliofuata vyeo vyenyewe vikapigwa marufuku.

Uingereza ilikuwa na utaratibu wake. Kifungua mimba wa kiume alichukua cheo, kasri na karibu mashamba yote. Wadogo zake walitafuta riziki jeshini, kanisani, na baadaye katika utumishi wa makoloni. Ndiyo maana mali za mabwana hazikumegeka kwa mamia ya miaka, na ndiyo maana pia ofisi za dola zilijaa wajukuu wa mabwana wenye damu ya kikabaila lakini wasio na cheo.

Tanzia, yaani tamthilia ya maanguko na maafa, ilifungamana na tabaka hili mapema. Aristotle, aliyeandika katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaka shujaa wa tanzia awe mtu mashuhuri mwenye ustawi mkubwa, akataja Oedipus na Thyestes kuwa mifano. Wahakiki wa Italia na Ufaransa wa karne ya 16 waliugeuza mfano kuwa amri: tanzia ni ya wafalme na makabaila, komedia ni ya watumishi na wachuuzi. Martin Opitz aliurudia msimamo huo kwa Kijerumani mwaka 1624. Dharau ya kitabaka ilikuwamo, hilo halifichiki. Lakini kulikuwa na hoja mbili za kisanaa pia. Ya kwanza inajulikana hata kwa methali, mpanda ngazi hushuka: aliye juu akianguka, kishindo husikika mbali. Ya pili ina uzito zaidi. Fundi viatu akikosea, nyumba moja hulala njaa. Mfalme akikosea, nchi nzima huumia. Katika tamthilia ya Shakespeare, King Lear anagawa ufalme wake kwa kufuata sifa tamu za mabinti wawili, na kosa hilo la mzee mmoja linaleta majeshi uwanjani.

Makabaila hawakuwa wahusika tu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1572 ilitaka kila kundi la waigizaji liwe na bwana wa kulidhamini, la sivyo waigizaji wahesabiwe wazururaji na kuadhibiwa. Kundi la Shakespeare lilikuwa chini ya Lord Chamberlain. Mwezi Februari 1601 wafuasi wa Earl wa Essex walililipa kundi hilo shilingi 40 za ziada liigize Richard II, tamthilia ya mfalme anayevuliwa taji. Siku iliyofuata Essex aliingia barabarani London kumkabili Malkia Elizabeth wa Kwanza. Wananchi hawakumfuata. Alikatwa kichwa tarehe 25 mwezi uleule. Waigizaji walihojiwa, wakaachiwa.

Huko Kenya, nyanda za juu za Kisii na Nyamira, nchi ya Wagusii, hazikuwa na tabaka la namna hiyo. Kaskazini, Wanga walikuwa na mfalme wao, nabongo. Wagusii hawakuwa na mfalme. Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Bomachoge, Bonchari na Mugirango zilijiendesha kwa koo, na mashauri yaliamuliwa na wazee, abagaka. Kitutu pekee ilikaribia utawala wa kurithiana, katika ukoo wa Nyakundi, na huko wageni waliopewa hifadhi, abamenyi, walikuwa na hadhi ya chini kuliko wenyeji. Hata hivyo kizuizi kikubwa cha ukabaila kilikuwa mirathi. Mali ilifuata nyumba ya kila mke, enyomba, na wana wakagawana. Hakukuwa na mwana mmoja wa kuchukua vyote, kwa hiyo hakukuwa na shamba kubwa la kudumu karne tatu mikononi mwa jina moja. Vipande vyembamba vya ardhi vinavyoshuka leo kutoka mgongo wa kilima hadi kijitoni ni matokeo ya mgawanyo huohuo, baada ya watu kuongezeka.

Vijana wenye silaha waliishi katika ebisarate (umoja: egesarate), kambi za kulinda ng'ombe, na heshima ilipatikana huko kwa ujasiri. Otenyo wa Kitutu alikuwa mmoja wa vijana hao. Waingereza walikwisha kuwapiga Wagusii kwa bunduki za rashasha mwaka 1905, na mwaka 1907 wakaweka ofisi ya wilaya huko Kisii. Mkuu wa wilaya alikuwa G. A. S. Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki. Masimulizi yanamtaja jamaa yake Moraa, mganga na mtabiri, kuwa ndiye aliyewachochea vijana wasikubali kutawaliwa. Wagusii walikuwa na mtabiri mwingine aliyetangulia, Sakawa, anayesimuliwa kuwa alionyesha mapema mahali pa Getembe ambapo mji wa wageni ungesimama. Mwandishi wa tanzia asingehitaji kubuni sauti ya majaliwa; ilikuwapo.

Sasa makabaila wanaingia, na wote wamesimama upande mmoja. Northcote alikuwa mjukuu wa Stafford Northcote, Earl wa kwanza wa Iddesleigh, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Uingereza. Waziri wa makoloni alikuwa Earl wa Elgin. Naibu wake, Winston Churchill, alikuwa mjukuu wa Duke wa Marlborough na alizaliwa katika kasri la Blenheim. Historia ina kejeli zake: baba yake Churchill ni mmoja wa waliomsumbua babu yake Northcote bungeni hadi akaondolewa kwenye uongozi wa chama chake katika baraza la chini na kupewa cheo cha Earl mwaka 1885.

Northcote alipona. Kitutu haikupona upesi. Askari wa jeshi la kikoloni, King's African Rifles, walichoma nyumba, wakateka ng'ombe na kuua watu zaidi ya 100, na taarifa za operesheni hiyo zilimfanya Churchill mwenyewe kuhoji London ulazima wa kuendelea kuwaua watu wasio na kinga. Otenyo aliuawa. Wagusii husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza.

Hapo hoja ya pili ya wahakiki wa kale inapinduliwa. Walisema tendo la mtu wa kawaida haliwezi kubeba nchi. Serikali ya kikoloni, kwa kuadhibu koo nzima kwa mkuki wa mtu mmoja, ilimpa kijana wa egesarate uzito ambao jukwaa la Ulaya liliuweka kwa wafalme. Kosa, kama lilikuwa kosa, lilikuwa lake. Moto uliwaka kwenye maboma ya watu ambao hawakushauriwa.

Ulaya nayo ilikuwa imeanza zamani kuiacha kanuni hiyo ya tanzia ya wafalme na makabaila. George Lillo aliweka mwanagenzi wa mfanyabiashara katikati ya tanzia yake ya London mwaka 1731, Lessing akafuata kwa Kijerumani mwaka 1755, na Georg Büchner akamwandikia askari fukara, Woyzeck, tamthilia aliyoiacha bila kuimaliza alipofariki mwaka 1837. Mwaka 1949 Arthur Miller alitetea waziwazi haki ya mtu wa kawaida kuwa shujaa wa tanzia, mwaka uleule alipotoa tamthilia yake ya mchuuzi anayejiua.

Kwa Kiswahili wafalme walifika kwa tafsiri: Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na Samuel Mushi akaleta Makbeth na Edipode miaka michache baadaye. Tanzia asilia iliyosimama imara zaidi, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, haina kabaila. Shujaa wake ni mganga wa Ngarambe ambaye neno lake kuhusu maji ya kukinga risasi linamponyoka, likawa kubwa kuliko yeye, na vita vya Majimaji vikafuata. Otenyo na Moraa wanafanana naye zaidi kuliko wanavyofanana na Macbeth: hawakuwa na kiti cha enzi cha kupoteza, na walichokitikisa kilikuwa nchi yote.