Tumbo Likiwa Gumu Kama Ubao



Leo tuzungumze juu ya vidonda vya tumbo. Wengi wetu tunavijua. Tumbo linachoma, tunakunywa maji ya magadi, tunaendelea na kazi. Lakini kidonda kinaweza kutoboka. Kikitoboka, mgonjwa anaweza kufa katika siku chache.

Mfuko wa chakula una maji makali ya kusaga chakula. Kidonda huchimba ukuta wa mfuko huo, au mwanzo wa utumbo mwembamba. Huchimba kidogo kidogo. Siku moja tundu hutokea upande wa pili. Yale maji makali humwagika katikati ya matumbo.

Maumivu huanza ghafla. Mgonjwa huweza kukutajia saa yalipoanza. Ni kama amechomwa kisu juu ya kitovu. Mtu mwenye tumbo la kusokota hugaagaa kitandani. Huyu hagaagai. Hulala kimya, magoti ameyakunja, hataki kuguswa. Ukimgusa, tumbo ni gumu kama ubao.

Sasa soma hapa polepole. Baada ya saa chache maumivu huweza kupungua. Watu wa nyumbani hufurahi. Kumbe hajapona. Ndani uchafu unaenea na usaha unaanza. Baadaye tumbo hujaa, homa hupanda, moyo hupiga mbio.

Kijana mmoja wa miaka 26 aliletwa kwenye zahanati yetu hapa mlimani siku ya tatu. Maumivu yalimshika alfajiri akikata majani ya ng'ombe. Mama yake alimpa maji ya magadi. Mchana akapata nafuu, wakampikia mtori. "Tulijua amepona," mama aliniambia. Sikumlaumu. Kabla sijasomea kazi hii, nami ningempikia. Tulimwekea maji ya mshipa, tukamteremsha Moshi kwa gari. Madaktari walimpasua, wakaosha matumbo, wakaziba tundu kwa kipande cha utando wa mafuta ulio ndani ya tumbo. Alipona, lakini alikaa wodini muda mrefu.

Kijana huyo hakuwahi kuambiwa kwamba ana vidonda. Si yeye peke yake. Mwaka 2011 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walitoa taarifa juu ya wagonjwa 84 waliopasuliwa kwa ugonjwa huu. Kundi kubwa lilikuwa la watu wa miaka 21 hadi 30. Zaidi ya nusu hawakuwahi kutibiwa vidonda vya tumbo. Wengi walifika wakiwa wamechelewa siku kadhaa. Karibu mmoja katika kila kumi alifariki. Basi usiseme huu ni ugonjwa wa wazee.

Zamani tuliambiwa vidonda huletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua bakteria wanaoishi ndani ya mfuko wa chakula. Hao ndio chanzo kikubwa. Wengi wetu huwapata utotoni. Hospitali huweza kuwapima kwa kinyesi, na dawa za kuwaua zipo. Zimalize zote, hata ukipata nafuu.

Chanzo kingine ni vidonge vya maumivu: aspirini, diklofenaki, ibuprofeni. Umebeba mikungu ya ndizi, mgongo unauma, unanunua vidonge dukani. Kesho tena, na kesho kutwa. Sigara nayo huongeza hatari. Na mbege je? Wengi wa wale 84 walikuwa wanywaji wa pombe. Lakini wanywaji ni wengi hata kati ya wazima, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba pombe ndiyo iliyowatoboa. Sigara ninaikataza bila wasiwasi.

Mgonjwa akishikwa hivyo, usimpe chakula, wala maji, wala magadi, wala kidonge. Mlete zahanati saa ile ile, tumpeleke Mawenzi au KCMC. Kama ni usiku, tugongee mlango. Utuambie saa maumivu yalipoanza, na vidonge alivyokunywa wiki hiyo.