Mashine ya diski kwa fundi visu: mwendo kabla ya nguvu

Anayeanza kutengeneza visu akienda kutafuta mashine ya diski, huuliza kwanza mota ina nguvu farasi ngapi. Swali hilo ni la mashine ya mkanda, ambayo ndiyo inayokula chuma na kuchonga mteremko wa makali. Diski kazi yake ni kusawazisha: shina la kisu, vibao vya mpini vinavyolibana huku na huku, vipande vya kisu cha kukunja. Vyote vikae bapa, vikikutanishwa pasipite mwanga. Kwa hilo nguvu farasi moja yatosha.

Fedha yako iende kwenye udhibiti wa mwendo. Mota ya kawaida kwa umeme wetu wa hezi 50 huzunguka kama mara 1,400 kwa dakika. Ukiifunga diski ya inchi 9, ukingo wake hukimbia karibu mita 17 kwa sekunde, ilhali katikati pamesimama. Kwa kasi hiyo msasa laini huunguza. Chuma kilichokwisha kukomazwa kikigeuka bluu, kimefika nyuzi 300 hivi na ugumu umepungua. Kuing'arisha ile rangi ikaondoka hakuurudishi. Shusha mpaka mizunguko 400, ukingo haufiki mita 5 kwa sekunde, na vidole vyako vitahisi joto mapema.

Njia nzuri ni mota ya fezi tatu pamoja na inveta, ambayo hupokea umeme wa nyumbani wa fezi moja, hubadilisha mwendo na hata kugeuza mzunguko. Usikubali kuuziwa kidhibiti cha feni badala yake. Mota ya fezi moja yenye kapasita haikujengwa kwa mchezo huo. Mota iwe imefunikwa kabisa, na inveta ikae ndani ya sanduku, kwa sababu vumbi la chuma hupitisha umeme.

Kugeuza mzunguko si anasa. Kisu hushikwa upande wa diski unaoshuka, kikandamizwe kwenye meza. Upande unaopanda hukirusha usoni. Mzunguko ukigeuka, unapata upande salama kulia na kushoto. Ila diski ibanwe kwenye mhimili kwa skrubu za pembeni. Inayoshikwa na nati moja ya katikati huweza kujifungua mota ikigeuzwa.

Kwa nini inchi 9? Karatasi ya msasa ya dukani ina milimita 230 kwa 280, basi moja hufunika diski nzima. Kabla ya kulipa, sogeza ncha ya penseli karibu na uso wa diski na uizungushe kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa. Ikichora upande mmoja tu, diski inayumba. Iache hapo dukani.

Na kama mfuko unaruhusu mashine moja tu, nunua ya mkanda. Kazi ya diski unaweza kuifanya kwa msasa juu ya kioo kinene, ingawa mabega yatalalamika.