Mkokoteni uliopimwa kwa tumbo la ng'ombe

Mzigo wa majani aliorudi nao mama jioni ile ulikuwa na kilo 28. Niliuning'iniza kwenye mizani ya kahawa kabla haujapelekwa bandani, maana nilitaka kujua ni uzito gani hasa anaoubeba kichwani kila siku ya kiangazi, kutoka tambarare za chini za Hai hadi nyumbani kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ngata yake ya majani makavu ya mgomba ilikuwa imelala bapa kama chapati. Ng'ombe wetu wawili waliumaliza mzigo ule kabla hakujapambazuka.

Huku juu kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, hakina nafasi ya malisho. Migomba, kahawa na miti ya kivuli imeshikana, na ng'ombe hukaa bandani mwaka mzima. Chakula chao kiko chini: mabua ya mahindi baada ya mavuno, na siku hizi nyasi za boma Rhodes, ambazo hukatwa zinapoanza kutoa maua, zikaanikwa na kufungwa marobota. Shamba tunalo, nyasi tunazo. Kilichotushinda miaka yote ni njia ya kuzipandisha mlimani bila kuvunja shingo ya mtu.

Tulipoamua kutengeneza mkokoteni wa kuvutwa na punda, kipimo cha kwanza kilitoka kwa ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 huhitaji kwa siku chakula kikavu cha karibu asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12. Nyasi tunazifunga kwa sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Ukizishindilia kwa miguu na kuzikaza kwa kamba, unapata robota la kilo 20 hivi. Marobota 18 ni kilo 360, na hizo ni karibu mwezi mzima wa ng'ombe mmoja. Hapo kitanda cha mkokoteni kikajipangia vipimo chenyewe: marobota matatu kwa urefu, mawili kwa upana, safu tatu kwenda juu. Sentimita 260 kwa 115.

Maboriti mawili ya chini ni ya mkaratusi, mbili kwa sita. Mkaratusi una nguvu lakini una hasira ukikaushwa haraka, kwa hiyo tuliupanga kivulini miezi mitano, vijiti katikati ya kila ubao, ncha zimepakwa rangi ya mafuta zisipasuke. Sakafu ni mgrevilea, mbao za moja kwa nane, zimeachiwa nafasi ya kidole ili zikilowa zipate pa kuvimbia. Kila kiungo kinachobeba uzito kina bolti na washa pana. Msumari kwenye barabara ya mawe hulegea ndani ya msimu mmoja, na mkokoteni ulioanza kulia hauchukui muda kufumuka.

Watu wengi huzipaka mbao zote oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Kwa mkokoteni wa kubebea chakula cha ng'ombe naikataa kabisa. Oili itaingia kwenye nyasi, ng'ombe atazila, na maziwa yake tutayanywa sisi na watoto wetu. Sakafu yetu haina kitu. Usiku mkokoteni unaegeshwa juu ya mawe, chini ya paa.

Ekseli, beringi na magurudumu tulivipata kwa wauza vyuma chakavu. Kazi iliyotutesa ilikuwa kujua ekseli ikae wapi.

Mara ya kwanza tuliifunga katikati kabisa ya kitanda. Pale uani mkokoteni ulitulia kama mizani ya duka, nasi tukafurahi. Lakini nyasi si mchanga. Ni nyepesi, hivyo hupangwa juu sana, na mzigo mrefu ukianza kupanda mlima uzito wake wote huegemea nyuma ya magurudumu. Kwenye mwinuko wa kwanza mti wa mbele ulinyanyuka, mikanda ya tumboni ikawakaba punda, na safu ya juu ikamwagika barabarani. Mama hakunilaumu. Aliokota robota moja, akaliweka kichwani, akaanza kupanda. Sitaisahau picha hiyo.

Tulirudisha ekseli nyuma sentimita 10. Sasa mkokoteni ukiwa umejaa, kwenye tambarare, mti wa mbele unakandamiza kidogo. Mtu mmoja anauinua kwa mikono yake bila kukunja uso. Ukipanda mlima unakuwa mwepesi zaidi, lakini haunyanyuki tena. Ningemwomba kila anayejenga mkokoteni wa nyasi aujaribu mlimani ukiwa na mzigo wake wa kweli, kabla hajakaza bolti za mwisho.

Fundi aliyetusaidia kuujenga alitufundisha jambo jingine nililokuwa nikiliona vibaya tangu utotoni. Nilikuja na nira ya ng'ombe, nikidhani itatosha. "Kaka, punda hana nundu," aliniambia. "Hii itakaa wapi? Itamchuna shingo tu." Nira hushika mbele ya nundu ya ng'ombe, punda huvuta kwa kifua. Tukashona mikanda mipana ya kifuani, tukaiwekea gunia laini kwa ndani, na mkanda wa nyuma wa kumsaidia kuzuia mzigo anaposhuka. Mnyama huyu ameteseka vya kutosha. Biashara ya ngozi yake ilienea kiasi kwamba Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha zuio la miaka 15 la kumchinja kwa ajili hiyo. Punda wetu wawili wakiona mikanda hawakimbii tena, na kwangu hilo ni jibu la kazi ya mikono yetu.

Breki ni vibao viwili vya mkaratusi vinavyobana tairi kwa mkono mrefu wa mti, na unaushika ukitembea kando. Hata unaposhuka mtupu, mkokoteni una uzito wa kutosha kuwasukuma wanyama. Mama ndiye aliyedai kazi hiyo. Anasema barabara hii ameipita kwa miguu tangu aolewe na anajua kila kona, pa kuanza kubana na pa kuachia.

Wiki iliyopita tulipandisha safari ya nne. Kwa ng'ombe wawili hiyo ni miezi miwili, na mvua za vuli zitatukuta bado na marobota bandani. Vibao vya breki vimelika hadi nusu. Mama ameshavikagua, na kesho ananitaka nikachonge vingine kabla hatujashuka tena.