Makaburi ya Dar es Salaam: jiwe moja kwa wote?

Kando ya barabara ya Bagamoyo, mjini Dar es Salaam, kuna makaburi ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Majani yamekatwa vizuri, mawe yamepangwa kwa mistari. Humo wamezikwa zaidi ya watu 1,700 wa majeshi ya Uingereza, pamoja na Wabelgiji na Wajerumani. Waliopigana sasa wanalala pamoja.

Kwa nini mahali hapo panatuhusu sisi wa mashariki mwa Kongo? Mwaka 1916 Force Publique, jeshi la Wakongomani chini ya maofisa Wabelgiji, lilitoka upande wetu wa Kivu, likapita Rwanda na Burundi, na tarehe 19 Septemba likaingia Tabora. Barabara za magari hazikuwako. Chakula na risasi vilibebwa na wapagazi, wengi wao wakichukuliwa vijijini kwa nguvu. Njaa na magonjwa viliwaua wengi kuliko risasi. Walizikwa njiani, bila jiwe wala jina.

Waingereza walikuwa wameweka kanuni nzuri: ofisa na askari wa kawaida wapewe jiwe la namna moja. Lakini mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi. Miaka mia moja ilikuwa imepita.

Ndugu na dada, uchungu huo tunaujua. Nasi tumezika watu wetu kwa haraka, porini na kambini, na wengine hatukuwazika. Tusingoje miaka mia moja. Tunaomba kila parokia ifungue daftari: jina la marehemu, kijiji chake, siku na mahali alipofia. Mtu asiachwe kwa sababu ya kabila lake au umaskini wake. Wazee nao waulizwe kuhusu mababu waliobebeshwa mizigo hadi Tabora.

Mungu hahitaji daftari letu. Katika Isaya 49:16 anasema amewachora watu wake katika vitanga vya mikono yake. Sisi ndio tunaolihitaji, ili watoto wetu wajue kwamba kila aliyekufa alikuwa mtu, na alikuwa na jina.

Bwana awafariji wote wanaolia.