Maelezo juu ya Gongo ya Tabora na Kazi ya Kukeneka

Wapo watumishi wa Serikali na wafanyabiashara wa Visiwani ambao shughuli zao huwafikisha Tabora, mji ambao wazee wa Pwani waliujua kwa jina la nchi yake, Unyanyembe. Huko, kama katika sehemu nyingi za Bara, hukutana na kinywaji kikali kiitwacho gongo au moshi. Baadhi yao huiona kazi ya kukitengeneza kuwa nyepesi: pipa, mrija, moto na maji ya kupoozea. Wengine, hasa mishahara inapochelewa, huiona kuwa ni njia ya kujiongezea kipato. Maelezo yanayofuata yametolewa ili anayefikiria kuanza kazi hiyo aelewe inavyokwenda, inaua vipi, sheria inasema nini, na ni vitu gani vinavyoweza kukenekwa nyumbani bila ya kumfikisha mtu kaburini wala mahakamani.

Kukeneka ni kukipasha moto kitu cha majimaji mpaka kigeuke mvuke, kisha kuupooza mvuke huo ili urudi kuwa maji katika chombo kingine. Kila mpishi ameshaliona jambo hili, kwani matone yanayoning'inia chini ya kifuniko cha chungu cha wali ni maji yaliyokenekwa. Ufundi wote umesimama juu ya jambo moja, nalo ni kuwa vitu mbali mbali huchemka kwa joto la tafauti. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Spiriti ya kunywewa, ambayo wataalamu huiita ethanoli, huchemka kwa nyuzi 78. Methanoli, ambayo ni sumu, huchemka kwa nyuzi 65 hivi. Tarakimu hizo tatu zinafaa kukumbukwa, maana ndizo zinazowadanganya wanaoanza, kama itakavyoelezwa.

Ufundi wenyewe ni wa zamani na asili yake si ulevi. Katika karne ya 9, mwanachuoni al-Kindi wa Baghdad aliandika kitabu juu ya manukato na namna ya kuyakeneka, na hadi leo wakulima wa Jabal Akhdar huko Oman hukeneka maji ya mawaridi kila msimu. Neno la Kiarabu araki, ambalo maana yake ya asili ni jasho, lilipewa kinywaji kikali kwa kuwa hutoka tone kwa tone mfano wa jasho, na kutokana na neno hilo Waganda wamepata waragi. Pwani nayo haikukosa kinywaji cha namna hiyo. Kamusi za zamani za Kiswahili zimelihifadhi neno zarambo, yaani kileo kilichokenekwa kutokana na tembo la mnazi. Asemaye kuwa mambo haya yameletwa Visiwani na watu wa Bara hajazifungua kamusi hizo.

Ama katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora na mwisho Ujiji, kinywaji kilichotawala kilikuwa ni pombe ya nafaka. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba 1857 baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne kutoka Pwani. Burton ameandika kwa urefu juu ya pombe za wenyeji, ambazo kwao zilikuwa chakula kama zilivyokuwa kinywaji. Ni rahisi kufahamu kwa nini chupa za vinywaji vikali hazikuwa bidhaa kubwa. Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na mwenye msafara aliyekuwa akimlipa mpagazi huyo kwa safari ya miezi alipata faida zaidi kwa nguo, shanga na waya kuliko kwa chupa nzito zenye kuvunjika. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, uzito wa mzigo haukuwa hoja tena.

Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikwisha kuingia katika jambo hili. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali za biashara zisiingizwe katika eneo kubwa la Afrika, pamoja na nchi ya Tabora. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulikwenda mbali zaidi kwa kupiga marufuku utengenezaji wa vileo vya kukenekwa karibu katika Afrika yote, isipokuwa nchi chache za kaskazini na kusini. Mzungu aliendelea kuletewa whisky yake kwa meli, na mwenyeji aliyekeneka ya kwake alikuwa mhalifu. Kutokana na hali hiyo, kazi hii ilihamia porini na usiku, mbali na macho ya mkaguzi yeyote, na tabia hiyo imebaki nayo.

Gongo hutengenezwa kwa hatua mbili. Kwanza huchachwa kitu chenye sukari au wanga pamoja na hamira au kimea: pumba za mahindi na sukari, mihogo, ndizi, mapapai, au maembe katika msimu wake, na huko Mtwara na Lindi mabibo ya mkorosho. Baada ya siku kadhaa povu hutulia, na kinachobaki ni pombe ya kawaida isiyo kali sana. Hatua ya pili ni kuitia pombe hiyo katika pipa, kulifunika na kuziba nafasi zote, kisha kuuongoza mvuke kwa mrija unaopita ndani ya maji baridi. Kinachodondoka ndicho gongo. Hakuna kipimo chochote kinachotumika isipokuwa ulimi wa mpishi na kijiti cha kiberiti. Ikiwaka husemwa kuwa ni kali na nzuri.

Kipimo hicho cha moto ndicho chenye kuangamiza watu. Methanoli huwaka sawa sawa na ethanoli. Haina rangi ya kuitambulisha, na harufu na ladha yake havimwonyi mnywaji. Hivyo kuwaka kwa gongo kunathibitisha kuwa ina spiriti, bali hakuthibitishi ni spiriti gani.

Imani nyengine iliyoenea ni kuwa mpishi mwangalifu akimwaga matone ya mwanzo, sumu yote imekwisha. Imani hii ina sehemu ya ukweli na sehemu kubwa ya hatari. Matone ya mwanzo kweli hubeba vitu vyepesi vyenye harufu kali, na yafaa yatupwe. Lakini methanoli na ethanoli zikishachanganyika na maji haziondoki kwa zamu. Methanoli huendelea kutoka kidogo kidogo mpaka karibu na mwisho. Kwa upande wa pili, ni haki kusema kuwa uchachu wa sukari au nafaka peke yake huzaa methanoli chache mno, na ule wa matunda huzaa zaidi kidogo, kwa sababu ya utomvu uliomo katika maganda na nyama zake. Vifo vya watu wengi kwa mara moja kwa kawaida havitokani na upishi bali na muuzaji aliyeongeza methanoli ya viwandani ili kinywaji kiwe kingi na kikali kwa gharama ndogo. Mjini Nairobi, mwezi wa Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kinywaji cha namna hiyo na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 msiba kama huo uliikumba Kabale nchini Uganda, na mwezi wa Mei 2014 ukaikumba Embu na kaunti nyengine za Kenya. Basi hata anayejua kukeneka vizuri hana ulinzi pindi bidhaa yake ikishapita mikono miwili mitatu.

Khatari nyengine zimo katika vyombo. Mafundi wengi hupooza mvuke kwa rejeta ya gari iliyochakaa, nayo imeungwa kwa risasi. Mvuke wa pombe huichukua risasi hiyo, na risasi haimwui mtu siku hiyo, bali hujikusanya mwilini miaka na miaka, ikidhuru ubongo, figo na mimba. Katika wilaya za tumbaku, kama Urambo na Sikonge, ni rahisi kupata mapipa na madebe yaliyowahi kutiwa dawa za mashamba. Kuosha mara moja au mara kumi hakuyafanyi kuwa vyombo vya jikoni. Kisha kuna moto. Mvuke wa spiriti huwaka kwa cheche ndogo, na mwali wake mwembamba wa buluu hauonekani vizuri juani, ndiyo maana waliowahi kuungua husimulia kuwa hawakuuona moto mpaka ulipowashika. Pipa likizibwa kwa nguvu na mrija ukaziba kwa mashapo, hupasuka.

Sasa ni vyema kueleza lililo muhimu kuliko yote, kwa kuwa hata mtu asiyekunywa anaweza kuhitajika kumwokoa jirani au mfanyakazi mwenzake. Aliyekunywa methanoli mwanzoni huonekana amelewa tu. Ulevi huo humtoka, na kwa muda wa saa 12 mpaka 24, pengine zaidi, huonekana mzima. Katika muda huo ini lake huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, ambayo huishambulia mishipa ya macho. Dalili zinazofuata ni kichwa kuuma, tumbo kukata, kutapika, kupumua kwa haraka na kwa kina, na macho kuona ukungu au weupe mtupu. Familia nyingi hudhani ni uchovu wa pombe na humwacha alale. Asiachwe. Apelekwe hospitali papo hapo, na anayempeleka aseme wazi alichokunywa, lini, na nani wengine waliokunywa naye, kwani hao nao watafutwe hata kama hawajalalamika. Hospitali ina dawa ya kuizuia methanoli isigeuke asidi, na penye mashine, damu husafishwa. Lakini dawa hizo hufaa zaidi kabla macho hayajaharibika. Kiasi cha mililita 10 cha methanoli safi kimewahi kumpofua mtu, na 30 zinaweza kuua. Anayeficha kwa kuogopa polisi anampunguzia mgonjwa saa alizobakiwa nazo. Na maziwa, ambayo watu huyakimbilia katika kila sumu, hayasaidii hapa.

Kuhusu sheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Utengenezaji na Ukenekaji wa Moshi ya mwaka 1966. Kwa sheria hiyo, kutengeneza moshi, kuuza au kupatikana nao bila ya leseni ni kosa. Mtumishi wa Serikali akumbuke kuwa kupatikana nao peke yake kunatosha. Haihitajiki aonekane akiuza. Wengi waliofikishwa mahakamani walikutwa na lita chache tu ndani ya dumu. Uganda ilifuata njia iliyokaribiana na hiyo kwa sheria yake ya enguli ya mwaka 1965, na kutokana nayo kikapatikana kinywaji cha kiwandani cha Uganda Waragi. Kenya iliipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980, kisha mwaka 2010 ikaamua kuiruhusu kwa masharti ya ubora na vifungashio. Bara ina Konyagi yake inayotengenezwa Dar es Salaam, na tangu tarehe 1 Machi 2017 pombe kali katika vifuko vya plastiki, maarufu kwa jina la viroba, zimepigwa marufuku. Hapa Visiwani gongo haina ruhusa.

Mwenye hamu ya kujifunza kukeneka hakosi cha kukeneka. Pemba, makonyo ya karafuu ambayo zamani yalikuwa takataka hukenekwa kwa mvuke katika kiwanda cha Wawi na kutoa mafuta yenye soko nje ya nchi. Kwa Tabora yenyewe, msitu wa miombo una mali ambayo haihitaji hata pipa, nayo ni asali na nta. Kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki mjini humo, na anayetafuta kipato cha ziada angefanya vyema kupita hapo kabla ya kununua mrija.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, maji ya mawaridi au maji safi ya kutia katika betri hupatikana kwa vyombo vya jikoni. Huchukuliwa sufuria pana, likawekwa jiwe safi katikati na juu ya jiwe bakuli la kauri au la kioo. Maji hutiwa mpaka karibu na kimo cha jiwe. Kwa marashi, majani ya maua yaliyochumwa alfajiri hutandazwa ndani ya maji hayo, pembeni mwa jiwe. Kifuniko cha mbonyeo huwekwa kinyume, kirungu kikitazama chini, na juu yake hutiwa barafu au maji baridi yanayobadilishwa kila yakipata moto. Moto uwe mdogo. Mvuke hugonga kifuniko, hukusanyika kwenye kirungu na kudondokea ndani ya bakuli. Sufuria lisiachwe likauke, na maji ya marashi yanayotoka mwishoni, ambayo harufu yake hufifia, yasichanganywe na ya mwanzo. Maji ya betri yatiwe katika chombo cha kioo au plastiki na si cha chuma, yaandikwe jina na tarehe, na yasitiwe kamwe katika chupa ya soda, ambayo mtoto wa nyumba yoyote ataifungua na kunywa.