Hema la Kikundi: Mvua Huingilia Wapi?



Siku hizi vikundi vingi vya akina mama na vijana hununua hema na viti vya kukodisha kwenye harusi, matanga na mikutano. Ni mradi mzuri. Lakini hema likivuja matangani, habari hufika sokoni kabla ya hema kurudi stoo. Nani atalikodisha tena?

Basi kabla pesa za kikundi hazijatoka, tuelewe jambo moja: mara nyingi mvua haipiti katikati ya kitambaa. Hupitia kwenye mishono, pahali palipolegea, na chini ardhini.

1. KUCHAGUA

Turubai la pamba ni zito, lakini halileti joto sana ndani. Likilowa, nyuzi zake hunenepa na kuziba vitundu. Likiwa jipya, lilowesheni na kulikausha mara moja au mbili kabla ya kulitumia. Mvua ikinyesha, watu wasiliguse kwa ndani, maana hapo litadondoka.

Kitambaa kilichopakwa plastiki hakipitishi maji na ni rahisi kuosha. Shida ni kwamba mkifunga pande zote, pumzi za watu hugeuka matone. Msiseme linavuja! Fungueni upande mmoja.

Nendeni kununua mkiwa watatu, na mmoja awe anajua kushona. Je, kitambaa kimekunjwa na kushonwa mara mbili? Mwageni ndoo ya maji juu ya mshono, mwenzenu akitazama kwa ndani. Muuzaji akikataa, hilo ni jibu tosha. Kumbukeni, rahisi ni ghali.

2. KUSIMAMISHA

Chagueni mahali palipoinuka, si bondeni wala kando ya mto. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yalituonyesha kwamba pahali pakavu jioni paweza kuwa mto usiku. Chimbeni mtaro mdogo upande wa juu ili maji yapite kando.

Paa livutwe vizuri, lisiwe na bonde. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Kwa hivyo maji ya madebe 10 ya lita 20 yakikaa juu ya paa ni kilo 200, kama watu watatu wazima wamekaa hapo! Nguzo zitapinda. Watu watoke kwanza, halafu myasukume maji kwa mti uliofungwa nguo nchani.

Vigingi viinamishwe, kichwa kikielekea mbali na hema. Kamba ya katani hukaza ikilowa, kwa hivyo ilegezeni kidogo mvua ikianza. Ya nailoni hulegea. Hiyo ikazeni tena.

3. MAISHA YA WATU

Usiwashe jiko la makaa ndani ya hema lililofungwa, hata kukiwa na baridi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hufa usingizini. Tena hema si kinga ya radi. Mkisikia ngurumo, ingieni katika nyumba ya kudumu, wala msikae chini ya mti.

4. STOO

Hapa ndipo mahema mengi huharibikia. Hema likikunjwa bichi huota koga, na turubai la pamba huoza. Kama mvua imewalazimu kulikunja, lianikeni kesho yake. Liwekwe juu ya mbao, mbali na panya. Shimo dogo lizibwe mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Muwe na kitabu: nani amelichukua, nani amelirudisha, likiwa katika hali gani. Na kila mkilipwa, tengeni kiasi cha matengenezo.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Nani kati yetu atalikagua hema likirudi?
2. Mteja akilirudisha likiwa bichi au limeraruka, tumekubaliana nini?
3. Stoo yetu yenyewe, je, haivuji?